HIFADHI NDOGO NA WAGENI WENGI

Siku ya Jumapili, au siku ya sikukuu kama vile Jamhuri, mtu akiondoka Migosi asubuhi na kushika njia ya Kondele kwenda mjini, ataona jamaa wengi waliovaa nguo zao safi, mama amebeba kikapu cha chakula na watoto wametangulia mbele. Wengi wao wanakwenda ziwani. Wako waendao kula samaki, wako waendao Hippo Point kutazama jua likizama, na wako waendao katika hifadhi ya wanyama iitwayo Kisumu Impala, ili watoto wapate kumwona simba kwa macho yao. Safari hiyo ni fupi, wala haina gharama kubwa kama safari ya Maasai Mara au Tsavo. Ni jambo jema, na hapana sababu ya kumlaumu mtu apendaye kustarehe pamoja na watoto wake.

Lakini lipo jambo moja ambalo hatuna budi kulifikiri. Kitu kinachopendwa na watu wengi chaweza kuharibiwa na wale wale wakipendao. Kisima kizuri huchimbuka kingo zake kwa nyayo za wachotao maji. Na hifadhi ya wanyama ni hivyo hivyo. Je, ilindwe kwa kufungiwa lango? La, kwa maana watu wasioijua hawatakuwa na haja ya kuitunza. Je, lango liachwe wazi tu, kila mtu afanye apendavyo? La, kwa maana baada ya miaka michache hapatakuwa na kitu cha kutazama. Njia iliyo kati ya hizo mbili ndiyo kupanga, na somo letu la leo ni namna kazi hiyo ya kupanga inavyofanywa.

HIFADHI TATU ZA KANDO YA ZIWA

Katika nchi yetu ya kando ya Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, ziko hifadhi tatu za taifa ambazo msomaji wa Kisumu aweza kuzifikia. Zote zimo mikononi mwa shirika la serikali la kutunza wanyama wa porini, ambalo watu hulijua kwa jina la KWS. Tuzitazame moja moja, kwa sababu hazikuwekwa kwa shabaha moja.

Ya kwanza ni hiyo ya Kisumu Impala, iliyowekwa mwaka 1992. Iko ukingoni mwa ziwa, mwendo wa kilometa tatu hivi kutoka katikati ya mji. Eneo lake halifiki hata nusu ya kilometa moja ya mraba, hali Tsavo Mashariki peke yake ina kilometa za mraba zaidi ya 13,000. Iliwekwa ili kuwalinda swala pala wachache waliosalia katika sehemu hizi, na kuwaachia viboko malisho wanapotoka majini usiku. Ni mahali pia pa kuwatunza wanyama walioleta matata kwa watu au waliotekwa, nao hukaa katika vizimba.

Ya pili ni kisiwa cha Ndere, kilichofanywa mbuga ya taifa mwaka 1986. Kiko katika Ghuba ya Winam, karibu na pwani yake ya kaskazini, nacho kina kilometa za mraba 4.2. Huko hapana vizimba. Swala pala hutembea wapendavyo, viboko na mamba wako majini, na ndege ni wengi. Hakuna afikaye ila kwa mashua, kwa hiyo wageni wake ni wachache.

Ya tatu ni Ruma, katika bonde la Lambwe, jimbo la Homa Bay. Ililindwa tangu mwaka 1966, ikapewa jina la Ruma na cheo cha mbuga ya taifa mwaka 1983. Eneo lake ni kilometa za mraba 120. Zamani watu hawakukaa kwa wingi katika bonde lile kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na ndiyo sababu wanyama walisalia. Ruma ni mahali pa pekee katika Kenya nzima ambapo mnyama aitwaye korongo anapatikana porini. Hatusemi ndege mwenye jina hilo, bali mnyama mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na masikio marefu. Hesabu ya wanyama ya taifa ya mwaka 2021 iliwapata 15 tu.

Basi msomaji aona ya kuwa hifadhi hizi tatu zina mashaka mbalimbali. Ile ya mjini ina wageni wengi katika mahali padogo. Ruma ina nafasi kubwa na wageni wachache, na mnyama wake mkuu yu karibu kwisha. Na Ndere iko katikati. Mtu akitunga amri moja kwa zote tatu, atakosea angalau mara mbili.

FAIDA YA WAGENI

Wako watu wasemao, "Wageni ni adui wa wanyama; afadhali wasije." Maneno hayo si kweli. Fedha ya langoni husaidia kulipa askari na kutengeneza ua na njia. Mtoto aliyemwona chui akiwa na umri wa miaka minane hatakuwa mwepesi wa kununua ngozi yake akiwa na miaka arobaini. Tena hifadhi isiyo na wageni haina watetezi. Ardhi ya ukingo wa ziwa katika mji kama Kisumu ni ya thamani kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha karibu watu 400,000 katika mji wetu, na kila mwaka nyumba huongezeka. Siku ikija ya mtu kuuliza, "Kipande hiki cha ardhi chafaa nini?" wale ambao wamekaa chini ya miti yake ndio watakaojibu.

Kwa upande wa Ruma, shida yenyewe ni upungufu wa wageni. Jirani ambaye mazao yake huliwa na nyani, wala haoni faida yo yote itokayo katika mbuga, ana haki ya kuuliza mbuga hiyo ni ya nani. Kwa hiyo kupanga matembezi si kuzuia tu. Mahali pengine ni kuzuia, na mahali pengine ni kualika.

NAMNA MADHARA YANAVYOKUJA

Madhara ya wageni huja polepole, na kwa sababu hiyo watu hawayaoni. Tutataja manne.

La kwanza ni kukanyaga. Mguu mmoja haudhuru. Miguu elfu ikipita mahali pale pale, udongo hushindiliwa, na vile vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na maji huzibika. Mvua ikinyesha, maji hayaingii chini bali hutiririka juu, yakichukua udongo mzuri kwenda ziwani. Mizizi ya miti hubaki wazi, na majani hayaoti tena. Tena wataalamu wamegundua jambo la ajabu: sehemu kubwa ya uharibifu hutokea mwanzoni kabisa. Watu wachache wa kwanza kupita penye majani mabichi huharibu zaidi, kila mmoja kwa fungu lake, kuliko mamia watakaofuata katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Maana yake ni kwamba kuwatawanya wageni kila mahali ili "wasibanane" ni kosa katika hifadhi ndogo. Afadhali wote wapite njia moja iliyoimarishwa kwa mawe au mbao, na sehemu nyingine ziachwe zipumue.

La pili ni chakula. Tumbili akitupiwa ndizi leo, kesho atakuja kuomba, kesho kutwa atanyang'anya, na mwisho atamwuma mtoto. Hapo watu husema tumbili ameharibika, na kumbe aliyemharibu ni yule aliyemcheka alipopokea ndizi ya kwanza. Chakula cha watu humpa mnyama magonjwa, na kumwondolea akili ya kujitafutia.

La tatu ni kelele na kusumbua. Swala akikimbizwa huacha kula, na nguvu aliyoipata kwa majani ya asubuhi nzima huimaliza kwa dakika chache. Akifanyiwa hivyo kila siku hukonda, na jike aliyekonda hazai vizuri. Kwa kiboko jambo ni la hatari zaidi. Yeye hutoka majini jua likizama, hula majani usiku, na hurudi kwa njia yake ile ile. Mtu akisimama katikati ya kiboko na maji, kiboko hamwoni kuwa mgeni bali kizuizi, naye humwondoa.

La nne ni taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja, kama vile chupa za maji, vikombe na mirija, vilikatazwa kuingizwa katika mbuga za taifa na hifadhi nyingine zilizolindwa. Amri hizo hazikuwekwa ili kumtaabisha mgeni. Mnyama akila plastiki haiwezi kuyeyushwa tumboni. Hukaa humo mpaka nafasi ya chakula imalizike. Na plastiki iliyotupwa kando ya ziwa leo itakuwa ziwani baada ya mvua ya kwanza.

SWALI LISILOFAA NA SWALI LIFAALO

Mtu akisikia habari hizi zote huuliza mara moja, "Basi, hifadhi yaweza kupokea watu wangapi kwa siku?" Swali hili laonekana kuwa la akili, nalo lilitoka kwa wafugaji. Mfugaji wa Nyando ajua ya kuwa malisho yake yatosha ng'ombe kadhaa. Akiongeza zaidi, majani huisha na wote hukonda. Watunzaji wa mbuga katika nchi nyingi walifikiri kwamba waweza kuwahesabu watu namna hiyo.

Baadaye wakaona kwamba watu si ng'ombe. Ng'ombe mmoja hula karibu sawa na mwenzake, lakini mgeni mmoja si sawa na mwingine. Wanafunzi arobaini wanaotembea katika kijia pamoja na mwalimu wao, wakiuliza maswali kwa sauti ndogo, hawataacha alama yo yote. Vijana watano wenye spika kubwa, wanaomtupia simba mawe ili aamke, watafanya madhara makubwa kuliko wale arobaini. Hesabu ya watu peke yake haikueleza tofauti hiyo.

Kwa hiyo mwaka 1985 wataalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani walitoa shauri jipya, nalo limeenea katika nchi nyingi. Walisema ya kuwa mahali po pote watu wakifikapo lazima patabadilika kidogo, hilo haliepukiki. Swali lifaalo ni hili: Tutakubali mabadiliko ya kadiri gani, na yakifika wapi tutasema basi? Swali la namna hii laweza kujibiwa na kupimwa, na mtu wa kawaida aweza kulifahamu kama vile mtaalamu.

HATUA TANO ZA MPANGO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mpango wa hifadhi ndio daftari yake. Hatua zake ni tano.

Hatua ya kwanza ni kutaja kusudi. Hifadhi hii iliwekwa kwa ajili gani? Kama ya Kisumu Impala iliwekwa kwa swala pala na malisho ya viboko, basi jambo lo lote linalopendekezwa, liwe mkahawa, uwanja wa michezo ya watoto au nyumba ya karamu, lipimwe kwanza kwa kusudi hilo. Jambo laweza kuleta fedha na lisifae.

Hatua ya pili ni kuigawa ardhi sehemu sehemu. Huku ni kwa mandari, watu wakae na wale. Huku ni kwa kijia cha matembezi tu. Huku ni kwa wanyama peke yao, na mgeni atazame kwa mbali. Na ukanda huu, ambamo viboko hupita usiku, usijengwe kitu kamwe. Nyumba yenyewe hugawanywa hivyo hivyo: ukumbi ni wa wageni, na chumba cha kulala si cha wageni, wala hapana mgeni mwenye adabu anayekasirika kwa ajili hiyo.

Hatua ya tatu ni kuchagua alama na kikomo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba hifadhi ina uwanja wa mandari wenye majani. Wapangaji wakubaliane ya kuwa sehemu iliyobaki udongo mtupu isizidi robo ya uwanja. Hiyo ndiyo alama, na robo ndiyo kikomo. Wachague na nyingine: swala wachanga waliozaliwa mwaka huu, tumbili waliomnyang'anya mtu chakula mwezi huu, magunia ya taka yaliyookotwa baada ya sikukuu. Alama nzuri ni ile ambayo askari wa hifadhi aweza kuipima kwa kamba, kwa macho na kwa kalamu, bila kungoja mashine kutoka mbali.

Hatua ya nne ni kutazama na kuandika. Kazi hii ndiyo ipuuzwayo kuliko zote. Mpango huandikwa, hupigwa chapa, huwekwa kabatini, na mchwa huusoma kuliko watu. Alama lazima ipimwe kwa wakati wake, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale, ili aliyekuja kazini leo apate kuona hali ilivyokuwa kabla yake.

Hatua ya tano ni kutenda. Kikomo kikifikiwa, jambo lililokubaliwa tangu mwanzo lifanywe bila kusitasita: uwanja wa mandari ufungwe kwa msimu mmoja wa mvua na wageni wahamishiwe mwingine, au shule zipewe siku zao katikati ya juma ili zisikutane na umati wa Jumapili, au kijia kigeuzwe. Tendo gumu la kufunga lango liwe la mwisho.

MIFANO KUTOKA KWA JIRANI

Jambo hili si ndoto ya vitabuni. Katika msitu wa Bwindi, nchi ya Uganda, matembezi ya kuwatazama sokwe wakubwa wa milimani, waitwao gorila, yalianza mwaka 1993. Gorila huambukizwa magonjwa ya watu, hata mafua. Kwa hiyo iliamriwa kwamba kila jamii ya gorila waliozoeshwa watu itazamwe na kundi moja tu la wageni kwa siku, wasiozidi wanane, kwa muda wa saa moja. Mgeni mwenye mafua hurudishwa. Wageni hawakuacha kuja. Hulipa fedha nyingi kwa saa hiyo moja, kwa sababu wajua ya kuwa watakachokiona hakikuchafuliwa. Na sheria ya Uganda ya mwaka 1996 iliagiza asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani ziende kwa watu wa jirani.

Hapa kwetu Kenya, katika Maasai Mara, magari mengi yalizoea kumzunguka simba au duma mmoja mpaka mnyama ashindwe kuwinda. Kanuni ikawekwa kwamba magari yasizidi matano kwa wakati mmoja, na mengine yangoje zamu mbali kidogo. Kanuni hiyo huvunjwa mara nyingi, nasi tujifunze kwa hilo pia: kanuni isiyo na mtu wa kuisimamia ni maneno tu. Na huko Malindi na Watamu, ambako mbuga za baharini ziliwekwa mwaka 1968, wageni waliokuwa wakisimama juu ya matumbawe na mashua zilizotupa nanga juu yake zilivunja kwa dakika moja kitu ambacho bahari ilikijenga kwa miaka mingi. Dawa moja yake ni nyepesi: boya lililofungwa mahali pake, mashua ijishikize hapo bila kutupa nanga. Shauri la namna hii lafaa kukumbukwa na wenye mashua wanaopeleka wageni Ndere.

Kwa upande wa Ruma, mama korongo humficha mtoto wake katika majani marefu kwa majuma ya kwanza, akaenda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Gari likiacha njia na kupita majanini laweza kumfukuza mama, au kumkanyaga mtoto asiyeonekana. Wakiwa wanyama maelfu, kufa kwa mtoto mmoja ni hasara ndogo. Wakiwa 15, ni hasara isiyosahaulika. Kwa hiyo yafaa wageni waalikwe Ruma kwa wingi, lakini wakae katika barabara, na sehemu za kuzalia zifungwe kwa wakati wake.

ZIWA NALO LINA MPANGO WAKE

Mwaka 2020 mvua zilikuwa nyingi, na Ziwa Victoria likapanda mpaka kimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1964. Watu wa ukingoni walihama nyumba zao, mashamba yakafunikwa, na maji yakaingia katika sehemu za chini za hifadhi ya Kisumu Impala. Waliosahau kimo cha zamani walishangaa. Wazee walioziona mvua za miaka ile ya sitini hawakushangaa sana.

Fundisho lake ni wazi. Ziwa hupanda na kushuka, na ukingo wake si mstari uliochorwa kwa wino. Mpango wa hifadhi usiweke vizimba, vyoo wala mahali pa kula katika sehemu ambayo maji yamekwisha kuifikia mara mbili katika maisha ya mtu mmoja. Sehemu hiyo iachiwe majani, mafunjo na viboko, ambao hawadhuriki maji yakija. Tena maji yakinyang'anya robo ya hifadhi ndogo, wanyama na wageni hubanwa katika sehemu iliyobaki, na vikomo vyote vilivyowekwa havina budi kupimwa upya.

MPANGO NI WA NANI?

Sheria ya Kenya ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 iliagiza kwamba kila mbuga ya taifa iendeshwe kwa mpango uliokubaliwa, na kwamba wananchi washirikishwe katika kuutunga. Maneno haya ni mazito kuliko yanavyosikika. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Dunga, mama akaangaye samaki, fundi asukaye mikeka na vikapu vya mafunjo, na mwenye nyumba wa Migosi, wote wana haki ya kuitwa na kusikilizwa.

Dunga ni mfano mzuri. Mafunjo yake, kusini kidogo ya mji, ni nyumba ya ndege ambao hawaishi ila katika mafunjo, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kuwatazama. Mafunjo hayo hayo ni mazalio ya samaki, tena ni mali ya watu wa ufundi. Yakikatwa yote kwa mara moja, ndege huondoka, samaki hupungua, na fundi mwenyewe hukosa kazi mwaka ufuatao. Yakikatwa kwa zamu, sehemu moja ikipumzika huku nyingine ikivunwa, huota tena. Kijana wa Dunga ajuaye sauti ya kila ndege, akimwongoza mgeni kwa mashua yake, hupata riziki kwa mafunjo yaliyosimama. Ni nani atakayeyalinda kuliko yeye?

Si kila starehe yahitaji hifadhi. Mpira na muziki vina viwanja vyake, kama kile cha Mamboleo kilicho karibu na Migosi, na huko sauti haimdhuru mtu wala mnyama. Halmashauri ya mji ikitunza bustani na viwanja vyake vizuri, nusu ya mzigo wa hifadhi itakuwa imepunguzwa, wala hapatakuwa na haja ya kumzuia mtu langoni.

YAKUPASAYO WEWE MGENI

Mpango wa wakubwa hautafaa kitu ikiwa mgeni hana adabu. Basi, msomaji, utakapokwenda na watoto wako, ukumbuke haya machache. Chukua maji katika chupa isiyo ya plastiki, na chakula katika kikapu au bakuli, na urudi na kila ulichokwenda nacho. Pita katika kijia, hata kama njia ya mkato yaonekana fupi. Usimpe mnyama chakula. Mwambie mtoto kwa nini, naye atawaambia wenzake. Usimpigie kelele mnyama aliyelala, kwa maana yeye yuko nyumbani na wewe ndiwe mgeni. Ondoka ukingoni mwa maji kabla ya giza. Na siku utakaposikia kwamba pana mkutano juu ya mpango wa hifadhi, nenda, ukaseme uliyoyaona.

Hifadhi isiyofika nusu ya kilometa ya mraba haina nafasi ya makosa mengi. Lakini udogo huo ni neema pia, kwa kuwa mtu aweza kuizunguka yote kwa asubuhi moja, akaijua kama ajuavyo shamba lake. Mtoto wa Migosi aliyeonyeshwa swala pala mwaka huu, na awe na kitu cha kumwonyesha mwanawe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini haifai kutunga amri moja kwa hifadhi ya Kisumu Impala, kisiwa cha Ndere na mbuga ya Ruma?

2. Eleza tofauti kati ya kuuliza "watu wangapi?" na kuuliza "mabadiliko ya kadiri gani?"

3. Chagueni mahali pamoja penye watu wengi karibu nanyi, kama vile uwanja, kisima au ukingo wa ziwa. Tajeni alama moja mnayoweza kuipima wenyewe, na kikomo chake. Kikomo kikifikiwa, mtafanya nini?

4. Kati ya mvuvi, fundi wa mafunjo, mwongoza wageni na askari wa hifadhi, ni nani mwenye haki zaidi juu ya mafunjo ya Dunga? Au je, swali lenyewe ni baya?